Agustina Waisiko na Askari wa Nyumba Yake

Zamani kijana wa Susuni akienda vitani, aliyemtuma alikuwa mzee ambaye mama wa kijana aliujua mlango wake na angeweza kwenda kuugonga asubuhi. Siku hizi anatumwa na karatasi yenye muhuri, na mama yake hana mlango wa kugonga.

Ninaandika habari za Agustina Waisiko kwa sababu najua hakuna mwingine atakayeziandika. Magazeti yanaandika wakubwa. Vijana wa hapa wanaandika kwenye simu, maneno yasiyo na irabu, na kesho yake yamefutika. Agustina mwenyewe hajui kusoma. Mimi niliishia darasa la nne, na yaliyobaki nilijifunza kwenye magazeti yaliyofungia sukari, kwenye katiba niliyoazima nisiirudishe, na kwenye redio. Watu huniita Mwalimu, wachache kwa heshima na wengi kwa dhihaka. Jina langu ni Mogesi, Tata Mogesi kwa wanaoniita baba, na hayo yanatosha kuhusu mimi.

Agustina alizaliwa Gorong'a, akaolewa Susuni na Wangwe, mtu mpole aliyekuwa akichimba visima vya watu huku kwake wakichota maji mtoni. Walipata mabinti wanne, hakuna wa kiume. Wangwe alipofariki, shemeji zake walianza kupita shambani jioni, mikono nyuma, wakiangalia mipaka. Kila mtu aliona. Agustina naye aliona, akafanya jambo ambalo wanawake wa Kikurya wamelifanya tangu kabla ya babu yangu: alitoa ng'ombe akaoa mwanamke. Sisi tunaita nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anamtolea binti mahari, binti anakuja kukaa naye kama mkamwana, na watoto atakaowazaa ni wa nyumba ile. Mwanaume aliyewazaa hana dai. Shemeji hawana dai. Nyumba inasimama.

Binti aliyeolewa aliitwa Scholastica, mtu asiyesema sana. Mtoto wa kwanza na wa pekee alikuwa wa kiume, wakamwita Brayan, jina alilolipendekeza nesi wa kliniki. Nilimwambia Agustina kwamba nyumba ile ilistahili jina zito zaidi. Akaniambia, "La Wangwe liko nyuma yake. La mbele ni la nesi, mwache nesi afurahi." Kwa hiyo akawa Brayan Wangwe. Scholastica alimwita mama na Agustina alimwita bibi, na wanawake wale wawili walimlea kama watu wanaobeba maji kwenye chombo kimoja.

Niliwahi kuona watu wa semina wakija kutueleza kwamba ndoa hizo ni mila potofu. Waliandika mahudhurio, wakala pilau, wakaondoka. Hawakumuuliza Agustina chochote.

Brayan alimaliza kidato cha nne, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akachukuliwa jeshini moja kwa moja. Hapakuwa na huzuni. Kwetu jeshi halijawahi kukosa watu. Wapo waliopelekwa Burma na Waingereza, wapo walioingia Uganda mwaka wa sabini na tisa, na waliporudi tuliwapokea kwa nyimbo barabarani. Lakini vita vile tulivielewa. Adui alivuka mpaka, akaunguza, akafukuzwa. Hivi vya Kongo, alikopelekwa Brayan, nimevifuatilia redioni mwaka mzima na bado siwezi kumweleza mtu kwa sentensi mbili kwa nini mtoto wa Scholastica alale kwenye handaki la huko.

Baba yangu alinisimulia jinsi mambo yalivyokuwa. Palikuwa na wazee wa siri, inchama, ambao ndio walioamua kama vijana watoke au wasitoke. Mtoto wa pekee wa nyumba hakutoka. Na vita vikiharibika, wazee walewale walituma neno na vijana wakarudi, na aliyefiwa alikwenda kwa mzee na kumwambia usoni yaliyo moyoni mwake. Mzee alikaa kimya akasikiliza, maana hakuwa na mahali pa kujificha. Leo ukitaka kumwona aliyeamua, unaambiwa uandike barua. Ukiandika, unaambiwa umeipeleka ofisi isiyohusika.

Mwanzoni mwa mwaka jana mji mkubwa wa Kongo Mashariki ulitekwa na waasi. Redio ilisema askari wa nchi mbalimbali wamekwama kambini, uwanja wa ndege umefungwa. Brayan, ambaye alikuwa akipiga simu kila Jumapili, hakupiga. Jumapili ya pili hakupiga. Baada ya siku kumi na tisa liliingia jeneza Gorong'a, kwa watu wa ukoo wa kina Agustina, la kijana aliyekuwa kikosi kingine. Agustina alikwenda kuzika. Jeneza lilikuwa limefungwa kwa misumari na watu waliolileta walisema lisifunguliwe.

"Ndani yuko nani?" Agustina alimuuliza mmoja wao.

"Yuko marehemu, mama."

"Nani amemwona?"

Yule mtu akasema poleni sana, akaenda kusimama upande wa pili wa kaburi.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, na viatu vyenye udongo mwekundu wa Gorong'a.

"Tata Mogesi, una karatasi?"

"Ninazo."

"Kalamu inaandika?"

"Inaandika."

"Basi andika kwamba watoto warudi."

"Nimwandikie nani?"

"Wewe ndiye unayesikiliza redio. Mwandikie anayeweza."

Niliandika. Nisingekuwa mkweli kama nisingesema kwamba nilifurahi. Kwa miaka mingi watu waliniletea barua za kuomba kibali cha kusafirisha mbuzi na za kumshtaki jirani. Sasa palikuwa na jambo. Niliandika kurasa tatu kwa mwandiko wa kulala, nikataja ibara za katiba, nikaeleza kwamba sisi wananchi wa Susuni hatulidharau jeshi letu, bali tunawaomba viongozi wetu wawatoe vijana kwenye vita visivyo vyetu. Kisha nikanunua daftari gumu la kukusanyia majina na kidau cha wino wa muhuri kwa ajili ya wasioandika.

Hapo ndipo nilipokosea, na nitaeleza nilivyokosea bila kujipunguzia.

Agustina alitaka majina yaandikwe kwa vitongoji, kama wanavyoandika vitambulisho. Mimi nikakataa. Nilimwambia hiyo ni orodha ya kugawia mbolea ya ruzuku. Jambo la vita, nilisema, linasemwa kama lilivyosemwa siku zote: kwa koo, na ndani ya ukoo kwa marika, wazee juu na vijana chini. Niliona fahari kichwani mwangu. Koo ambazo miaka fulani zilichomeana nyumba sasa zingekaa kwenye ukurasa mmoja, neno moja. Nani angeweza kulipuuza daftari kama hilo?

"Mkuu wa mjini anajua rika lako?" Agustina aliniuliza.

"Atajua akisoma."

"Haya. Kalamu ni yako."

Tulipita nyumba kwa nyumba, yeye na fimbo yake, mimi na daftari, Scholastica nyuma yetu akibeba kidau cha wino kwenye kikapu. Kupanga kwa koo na marika si kazi ya siku moja. Ilibidi kumtafuta mzee wa kila rika atangulie, na wengine walikuwa wamehamia Ikoma kwa watoto wao wanaofanya kazi kwenye hoteli za mbugani. Nilikataa kuruka nafasi. Niliacha mistari mitupu nikingojea wazee warudi. Agustina aliiangalia mistari ile mitupu, akaendelea na nyumba inayofuata.

Watu hawakukataa. Wengine walitutania. Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea pikipiki alimwambia, "Bibi, mnataka kulifundisha jeshi kazi?"

"Nalifundisha kuhesabu, mura. Lilichukua mmoja, lirudishe mmoja."

Mgumu alikuwa Marwa, askari mstaafu, mtu wa mashavu makavu ambaye hata kwenye misiba husimama kama yuko gwaride.

"Askari hafuatwi na mama yake," alisema. "Mnamtia aibu kijana."

"Wewe ulipokuwa Uganda," Agustina akamwambia, "mama yako alikaa jikoni miezi miwili, ng'ombe wanalia hawajakamuliwa. Nilikuja mimi kuwakamua, nikiwa na mimba ya binti yangu wa kwanza. Alikutia aibu?"

Marwa akauliza rika lake liko ukurasa wa ngapi.

Tulipata vidole na saini mia nne na kumi na mbili. Ilichukua siku ishirini na sita. Tulizipeleka mjini sisi watatu, kwenye ofisi ambayo siitaji, maana waliokuwamo wameshahamishwa na waliopo hawana kosa. Alitupokea afisa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Akasema "Shikamooni wazee" huku akiendelea kuangalia kompyuta yake. Nikampa barua. Akasoma ukurasa wa kwanza, akaruka wa pili na wa tatu, akafungua daftari. Hapo akaacha kuangalia kompyuta.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi."

"Hizi ni koo."

"Ndiyo, mheshimiwa. Na hayo ni marika."

"Mzee, unajua eneo hili lina historia gani na vikao vya koo? Unajua vimekatazwa?"

"Hakuna kikao. Tumepita nyumba kwa nyumba."

"Koo tatu, zimepangwa kwa marika, vijana wamehesabiwa, wazee wametangulia." Alipindua kurasa. "Na hizi nafasi tupu? Hawa ni akina nani ambao bado hawajafika?"

Nilimweleza kwamba ni wazee walioko Ikoma. Nilisikia sauti yangu ikieleza na nikajua haisaidii.

"Mzee wangu," akasema, "hii si barua. Haya ni maandalizi."

Kisha akamgeukia Agustina. "Na wewe mama, huyo askari ni mwanao?"

"Ni wa nyumba yangu."

"Wewe ndiye mama mzazi?"

"Mama mzazi ni huyu hapa. Yeye nilimwoa mimi."

Yule kijana hakuwa wa huku. Aliweka kalamu chini.

"Andika hivyo," Agustina akamwambia. "Andika kwamba nilimwoa."

"Mama, hakuna sehemu ya kuandika hivyo."

Daftari lilibaki kwake. Alilifungia kwenye kabati la chuma mbele ya macho yetu na kusema litashughulikiwa. Likashughulikiwa. Kabla ya wiki kwisha watu wawili walikuja Susuni na mtendaji, wakimuuliza kila aliyetia kidole alikuwa anajiandaa kupigana na nani. Watu waliokuwa wamesaini kwa ajili ya watoto wao walijikuta wakieleza kwamba hawana mishale wala mapanga. Jioni walikuja kwangu mmojammoja, wanataka majina yao yatoke. Daftari sikuwa nalo. "Mwalimu, umetuuza," aliniambia Nchagwa, jirani yangu wa miaka arobaini, na tangu siku hiyo hupita njia ya kisimani asipite kwangu.

Agustina alikuja mwisho. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Nilikwambia vitongoji."

"Uliniambia."

"Ukasema habari za mbolea."

"Nilisema."

"Siku ishirini na sita za kutembea na siku kumi na nne za kungoja, Tata. Siku arobaini yule mtoto yuko kwenye shimo, na wewe unapanga marika."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Safari ya pili hakuniomba niandike. Alikwenda Sirari kwa Okech, Mjaluo mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, ambaye nusu ya ndugu zake wako ng'ambo ya mpaka na maneno yake nusu ni ya huko. Binamu yake Olima ni askari wa Kenya na aliwahi kupelekwa Kongo hiyohiyo akarudi mzima. Nilimfuata Agustina bila kualikwa, nikakaa kwenye benchi la wateja.

"Mama, sikiza," Okech alimwambia. "Hii kitu inataka jina, kitongoji, namba ya kitambulisho, namba ya simu. Basi. Ukurasa moja ya maneno, si tatu. Na kalamu usimpee huyu mzee."

"Hashiki," Agustina alisema.

"Wa kwetu walitoka huko," Okech akaendelea, vidole vikikimbia kwenye kibodi. "Waliambiwa watoke, wakatoka. Hakuna mtu alikufa na aibu."

Alichapa jioni ileile. Maneno yalikuwa makavu kama tangazo la mnada: Sisi wakazi wa Susuni tunaomba askari wetu walioko Kongo warudishwe nyumbani. Nilitaka kusema panahitajika ibara ya katiba. Nikabaki kwenye benchi langu. Safari hii walipatikana watu mia moja na sitini na watatu tu, kwa siku nne. Waliobaki walikuwa wameshaogopa, na nilijua ni kwa sababu ya daftari la nani.

Wakati huo palikuwa na kelele kwingine pia. Redioni watu walipiga simu studio kuuliza vijana wanarudi lini. Maaskofu walisema. Wabunge wa nchi nyingine zenye askari kule walisema. Susuni tulikuwa tone katika ndoo hiyo, wala sidai zaidi.

Kisha tukasikia mheshimiwa mmoja anakuja kata ya jirani kuzindua kisima cha shule. Cheo chake sikitaji. Agustina alikwenda na wanawake kama thelathini, wakakaa chini kwenye nyasi mbele kabisa, mahali palipotengewa kwaya. Kwaya ikaimba ikiwa imesimama pembeni. Mheshimiwa alizungumza juu ya maji, juu ya barabara, juu ya maji tena. Alipomaliza, Agustina alisimama na karatasi za Okech.

"Shikamoo mama," mheshimiwa alisema kwa kipaza sauti. "Nimeambiwa una jambo la vijana wetu walioko nje. Niwahakikishie wazazi, vijana wako imara na morali iko juu."

"Wewe una wako huko?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kuogopa.

"Mama, hayo ni masuala ya usalama wa taifa. Karatasi mpe msaidizi wangu."

"Msaidizi sikumjia. Shuka uipokee."

"Muda umetutupa mkono, mama. Mpe msaidizi."

Mheshimiwa aliweka kipaza sauti chini na kuanza kuelekea kwenye gari lake. Agustina akampa Scholastica zile karatasi azishike. Kisha akaweka mikono yote miwili kwenye fundo la kanga yake kiunoni, akasimama hivyo, kimya. Wanawake wazee waliokuwa kwenye nyasi wakainuka mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akashika fundo la kanga yake.

Kwa mgeni, walikuwa wanawake wanaorekebisha nguo. Kwetu hakuna mtu mzima asiyejua. Mama mzee akikuvulia nguo kwa hasira, amekulaani, na laana hiyo haina mganga. Kwaya iligeuza nyuso. Wanaume walianza kuondoka haraka bila kukimbia. Msaidizi alikuwa bado amenyoosha mkono akingoja karatasi, anatabasamu. Diwani, ambaye ni mtu wa hapa, alitoka jasho mpaka kwenye kola, akamkimbilia mheshimiwa na kumnong'oneza sikioni. Sijui alimwambia nini. Niliona tu mheshimiwa akisimama, akigeuka, akirudi kwa miguu yake mpaka kwenye nyasi, na kupokea karatasi kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto.

"Nitazifikisha," alisema, bila kipaza sauti.

"Tutasikia," Agustina akamjibu, na mikono ikashuka.

Marwa alikuwa amesimama karibu yangu na mgongo ameugeuzia uwanja, kama desturi inavyotaka. "Kurasa tatu, Mwalimu," aliniambia. "Na ibara za katiba."

Nilikuwa nimetamani sana mambo ya kale yatuokoe, na yalipofika yalikuja kwa wanawake, wala hayakuhitaji kalamu yangu.

Wiki kadhaa baadaye redio ilitangaza kwamba viongozi wa nchi zilizopeleka majeshi wamekutana na wamekubaliana vikosi viondoke kwa awamu. Hakuna aliyetaja Susuni. Katika kilabu cha pombe watu walisema ni Agustina aliyewarudisha, na yeye aliposikia alisema, "Sijarudisha mtu. Nyumbani kwangu hajaingia mtu." Alikuwa sahihi. Malori ya kwanza yaliondoka Kongo na Brayan hakupiga simu. Ya pili yakaondoka. Nilikwenda kwao karibu kila siku na redio yangu chini ya kwapa, na hakuna aliyenikaribisha wala aliyenifukuza.

Simu ilipoita ilikuwa saa nne asubuhi na Scholastica alikuwa anapepeta ulezi. Aliiweka sauti kubwa ili Agustina asikie, nami nikasikia.

"Mama, shikamoo. Niko Tanzania. Niko hospitali."

Agustina aliichukua simu.

"Sema unaumwa nini."

"Nimerudi, bibi. Lakini mguu wa kulia haupo. Walishindwa, wakaukata."

"Lini?"

Akataja tarehe. Alisema tangu mji utekwe hawakuwa na simu, na kwamba bomu lilianguka karibu na jikoni ya kambi siku ambayo waliamini mapigano yamekwisha. Agustina hakunitazama, lakini mimi nilishahesabu. Ilikuwa wiki ileile daftari langu lilipofungiwa kwenye kabati la chuma. Kama tungeandika kwa vitongoji, karatasi zingekuwa mbele ya mtu wiki tatu kabla. Sisemi zingemtoa. Hakuna anayejua nini kilimsukuma nani. Lakini nimelala na hesabu hiyo tangu siku ile, na haijawahi kutoka vizuri.

"Ukipona unakuja," Agustina alimwambia.

"Siji, bibi. Hapo kwetu ni mlima mtupu. Nitalima na nini? Hapa watanitengenezea mguu, wamesema nitafundishwa kazi ya kukaa. Mama aje. Nataka mama aje."

Kisha Agustina akauliza, "Kuna nafasi ya watu wawili?"

"Kuna nafasi, bibi. Njooni wote."

Scholastica, ambaye katika miaka yote hiyo sidhani nilimsikia akisema maneno kumi mfululizo, ndipo aliposema. "Mimi peke yangu siendi. Aliyenileta hapa ni wewe. Tukienda tunaenda nyumba nzima."

Ndivyo walivyofanya. Ng'ombe waliobaki walipelekwa Ikoma kwa binti wa tatu wa Agustina, ambaye mumewe analinda lango la hoteli. Mlango wa nyumba kubwa waliupigilia ubao. Huu ni mwezi wa tisa tangu waondoke na hawajarudi. Nasikia wamepanga chumba karibu na kambi, kwamba Scholastica anauza uji wa ulezi kwa wagonjwa, kwamba Brayan anashona sare. Shemeji wa Agustina, au watoto wao, kwa kuwa shemeji wenyewe wamekufa, wameanza kupita shambani jioni. Juzi mmoja alipanda mihogo kwenye pembe ya chini. Nilimkemea. Akaniambia, "Mwalimu, andika barua," na wenzake wakacheka.

Mara ya mwisho niliwaona kwenye njia panda ya Susuni, asubuhi, wakingoja gari la kwenda mjini. Walikuwa na magunia mawili ya unga wa ulezi, kuku mmoja kwenye kikapu, na fimbo ya kutembelea mpya, ndefu, ambayo Marwa aliichonga na kuwapa wampelekee kijana. Nilikuwa nimekesha siku mbili nikiandika barua ya kuwatambulisha hospitalini, ukurasa mmoja tu, bila koo wala marika, nikieleza kwa lugha rahisi Agustina ni nani na Scholastica ni nani na kwa nini wote wawili waruhusiwe kitandani kwa mgonjwa. Nilimpa Agustina. Aliishika mbali kidogo na macho, kama wanavyofanya wasiojua kusoma, akaangalia ilivyopangwa.

"Umeandika vizuri?"

"Nimeandika vizuri. Kwa ufupi."

"Naamini, Tata." Akanirudishia. "Lakini safari hii acha tuonekane wenyewe."

Gari lilifika. Utingo alipandisha magunia, akataka kumpandisha na Agustina, naye akaiondoa mikono ya utingo begani kwake na kupanda mwenyewe, polepole, mguu mmoja kisha wa pili. Scholastica alinyoosha mkono dirishani akiishika ile fimbo ndefu kwa nje, kwa sababu ndani haikuenea, na niliiona ikisimama ubavuni mwa gari mpaka walipopinda kona ya kisimani.